Kiti cha Fungo

Habari ya asubuhi ile ilikuwa moja tu: mtaani kuna jini. Aliyeileta kwenye benchi la kahawa ni Chuma, mlinzi wa kichochoro cha nyuma. Aliileta amesimama, maana shujaa hasimulii amekaa, na miguuni alivaa ndara. Buti, alisema, jini limezila.

"Jeupe kuanzia juu hadi chini!" Kahawa ilikuwa ikimmwagikia vidoleni. "Halina uso, halina miguu. Nikaliambia, wewe, toka! Likanipiga radi. Pwaa! Nikalifuata. Likapiga tena!"

"Na wewe ukapiga nini?" aliuliza Wembe, kinyozi. "Mbio?"

"Ngumi, mwanangu! Kamati ya mtaa imeshasikia. Jioni hii natangazwa mkuu wa walinzi. Wametaka picha ya kitambulisho tu."

"Si ukapige kwa Usicheke hapo?"

"Usicheke wa nini? Siku hizi una simu, unataka nini tena?"

Maneno hayo yalimkuta Usicheke mwenyewe akivuka barabara, bahasha kwapani, na yalimchoma. Ndiye mpiga picha wa mtaa. Jina alilipata kwa amri yake kwa kila mteja: kaa, tazama mbele, usicheke. Wateja walishamkimbia mmoja mmoja. Siku chache nyuma, kwa uchungu, alijitapa hapo hapo kwamba atampiga picha fungo, yule paka-mwitu anayenuka na kuzurura uani kwake usiku, jambo ambalo simu ya mtu haiwezi. Wembe akaweka sharti: picha ya maana isipoonekana, kibao cha "Bingwa wa Picha" mlangoni pa studio yake kishuke. Siku ya kuonyesha ilikuwa hiyo.

"Karibu, bingwa," alisema Wembe. "Ngazi ya kushushia kibao nimekuletea kabisa."

Usicheke akatoa picha ya kwanza. Bi Birika, muuza kahawa, akaigeuza juu chini, chini juu.

"Mwanangu, huu mkia au ufagio?"

"Mkia, mama. Alikuwa anaondoka."

Ya pili ilikuwa makalio. Ya tatu, macho mawili yakiwaka gizani.

"Huyu namfahamu," alisema Wembe. "Hili lori."

"Ni flashi hiyo, inarudi machoni! Kamera nimeitega, kitu kikipita inajipiga yenyewe. Kosa si langu. Wanyama hawa hawana adabu! Nimewawekea shuka jeupe nyuma, kiti mbele..."

"Kiti?"

"Wateja wangu wote hukaa."

Bi Birika ilimbidi aweke birika chini ili acheke vizuri. "Fungo akae kitini! Na vifungo vya shati ulimwambia afunge?"

Usicheke alitamani ardhi ipasuke. Lakini Wembe alikuwa ameacha kucheka.

"Ngoja kwanza. Hilo shuka umelitundika wapi?"

"Kwenye kamba, pale kwenye pengo la uzio, upande wa kichochoro."

"Na hiyo flashi ikipiga, inapiga pwaa?"

Wote wakamgeukia Chuma. Chuma akaketi, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Langu lilikuwa jini lingine," alisema. "Lilikuwa na kucha."

"Imebaki moja," alisema Usicheke taratibu. "Sikutaka kuitoa, maana si mnyama. Ila kuna mtu amesema hapa, Usicheke wa nini."

Akaiweka juu ya benchi. Alikuwa Chuma, ameketi kwenye kiti cha fungo, rungu mapajani, buti zimevuliwa na kupangwa pembeni kama yuko kwake. Mwili ulikuwa bado usingizini; kilichoamka ni macho tu, na yaliamka kweli kweli.

"Ala!" alisema Bi Birika. "Kumbe vita ilikuwa ya kukaa."

"Nilikuwa navizia!"

"Bila viatu?"

Usicheke akajinyoosha. Muda mrefu hakuwa amejisikia fundi namna ile. "Mgongo umenyooka. Masikio yote mawili yanaonekana. Nyuma nyeupe, na hujacheka. Wanyama wote wa usiku wamenipa mkia, wewe peke yako ndiye uliyekaa. Kapeleke kwenye kamati. Na buti zako ziko uani, hata fungo amezikwepa."

Wembe akabeba ngazi yake akaelekea dukani kwake. Kibao kilikuwa kimepona. Chuma akasubiri afike mbali, kisha akamsogelea mpiga picha sikioni.

"Kaka yangu, hicho kiti huwezi kukiondoa? Nionekane nimesimama?"

"Si una simu," alisema Usicheke.