Baraka kwa Lugha ya Bibi

Jumatatu, 3 Agosti

Mkutano wa kamati, ukumbi wa mtaa. Feni moja, haizunguki. Jumamosi tutaadhimisha mila zetu sisi wenyeji wa asili, yaani tuliokuwa hapa kabla ya barabara, kabla ya ukumbi, kabla ya kamati. Kutakuwa na ngoma, ususi, na mzee mmoja wa kufungua shughuli kwa baraka katika lugha yetu. Mwenyekiti, mkunga mstaafu asiyependa kupotezewa muda, akauliza nani anaiweza. Kila mtu akaitazama feni. Lugha yetu imebaki kama jino la mwisho: kila mtu anajua lipo, hakuna anayelitafunia.

Nikanyoosha mkono.

Kinyozi, ambaye nilimfundisha jiografia na hajanisamehe, akauliza tangu lini naijua. Nikamweleza. Nikaanzia asili ya lugha kwa jumla, nikapitia ngeli. Nilipofika kwenye vitenzi Mwenyekiti akasema basi, mwalimu, umepita.

Nimepita! Tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza kitu. Hata wajukuu huuliza simu. Jumamosi mtaa mzima utanisikiliza mimi.

Tatizo ni dogo. Lugha siijui.

Jumanne, 4 Agosti

Ufafanuzi: siijui yote. Nililelewa na Bibi mzaa baba, naye lugha ile alinitolea akikasirika tu. Akiwa na furaha alisema Kiswahili. Kwa hiyo maneno yake ninayo, na sauti yake ninayo, ila maana zilikuja pamoja na kofi, sikupata nafasi ya kuzichunguza.

Nimefanya mazoezi chumbani, mbele ya kabati. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nagombana na nani. Nikasema ni baraka. Akasema baraka hiyo imemwamsha mtoto wa jirani. Kisha akatoa ushauri, hakuombwa: si uende kwa Shangazi, nyumba ya tatu tu, yeye anaizungumza hadi na kuku.

Hapo ndipo penye mwiba. Shangazi, binti wa Bibi, ndiye pekee aliyebaki anayeijua lugha yote. Na jana, katika maelezo yangu, niliiambia kamati kwamba uzee umemfuta kumbukumbu. Nilisema hivyo kwa masikitiko makubwa.

Shangazi asije Jumamosi. Ndiyo njia pekee.

Jumatano, 5 Agosti

Nimemtembelea. Maisha yake yote alikata tiketi mlangoni mwa sinema, na hadi leo humtazama mgeni kama mtu anayetaka kuingia bure. Nikamwambia kutakuwa na spika kubwa, kelele za kuumiza masikio. Akasema afadhali, safari hii atasikia. Nikasema viti ni vichache. Akasema ana kigoda. Nikasema jua. Akaniuliza, baba, kwani mimi siagi?

Nikanywa chai yake, nikaondoka. Kuku mmoja akanisindikiza hadi getini.

Alhamisi, 6 Agosti

Kinyozi amekuja. Kwa unyenyekevu, jambo la kutia shaka. Anataka sentensi moja ya lugha yetu ya kuimbia ngoma. Kukataa kungeonyesha sina. Nikampa ile ambayo Bibi aliisema kila nilipoingia ndani kutoka kwenye mvua. Akauliza maana. Nikasema: karibuni wageni, nyumba ni yenu. Ilisemwa mlangoni, ingekuwa na maana gani nyingine? Huo ndio utafiti.

Kufikia jioni anaiimba huku mashine ikinguruma vichwani mwa watu. Wateja wanaitikia. Muuza mkaa ameniamkia nayo njiani. Nikaitikia, nikageuka uchochoro wa kwanza niliouona.

Ijumaa, 7 Agosti

Wameichora sentensi ile kwenye kitambaa juu ya mlango wa ukumbi. Herufi nyekundu, kila moja kubwa kama mtoto wa chekechea.

Nimerudi nyumbani nikalala chali. Mke wangu akasema nenda kaseme ukweli mapema, mficha uchi hazai. Nikamweleza kwa utulivu kwamba ukweli una wakati wake, na wakati wake ulikuwa Jumatatu. Akatoka kwenda kuanua nguo nikiwa katikati ya sentensi.

Nimeomba mvua. Mbingu nyeupe pe.

Jumamosi, 8 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio, ingawa mkono hautaki.

Shangazi alifika mapema kuliko viti. Alisimama chini ya kitambaa, akakisoma muda mrefu. Kisha akavua viatu, akaingia pekupeku, akaweka kigoda mstari wa mbele. Nikadhani ni heshima.

Niliposhika maikrofoni niliinua mkono wa kulia nikatoa maneno yote, kwa sauti ya Bibi, kwa kuwa sina nyingine. Wazee kadhaa wakashtuka. Mpagazi mmoja wa sokoni, mtu mwenye mvi, akafuta pua kwa mkono wa shati. Jirani yake akaketi wima.

Shangazi akasimama, akataka maikrofoni. Nikampa, ningefanya nini. Akawaambia kwa Kiswahili: mwalimu amesema futeni kamasi, acheni kuchezea moto, na nani amekula nyama iliyokuwa chunguni? Na pale mlangoni pameandikwa, toa matope yako hapa, nguruwe wewe.

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Kicheko nilikimudu. Nimefundisha darasa la saba. Kilichonimaliza ni kilichofuata. Mpagazi akasema, hata mama alikuwa ananiambia hivyo hivyo. Mwanamke wa nyuma akasema na wake pia. Kumbe sote tulirithi karipio moja. Shangazi akasema sauti ya mama yake hajaisikia tangu wamzike, na leo imemtokea mdomoni mwa huyu mjinga, mtoto wa kaka yake. Akajipangusa macho. Kisha akaanza kuwasemesha kwa lugha yenyewe, polepole, maneno ya watu wanaopendana. Hayo mimi sikuwahi kuambiwa. Wakavuta viti, wakamzunguka. Kinyozi wa kwanza.

Nikabaki jukwaani. Sikuzomewa. Hakuna aliyenitazama. Mwenyekiti alipita akaniambia, kwa upole, kwamba kumbukumbu ya Shangazi anaiona nzima.

Jumapili, 9 Agosti

Darasa la lugha limeanza leo ukumbini. Mwalimu: Shangazi. Amenitumia ujumbe kupitia mke wangu kwamba nije, mkeka upo, sauti ninayo, ninachokosa ni maana tu. Mimi, kwenye mkeka, bega kwa bega na niliowapiga chaki! Nikajibu nina shughuli.

Na shughuli ninayo. Mtaa wa ng'ambo ya reli nao wana sherehe ya mila zao mwezi ujao. Lugha yao ni nyingine kabisa, siijui hata neno moja, kwa hiyo hakuna nitakalokosea. Tena kule sina shangazi. Nimewapelekea salamu kwamba niko tayari kufungua shughuli.

Jioni mke wangu amerudi kutoka darasani akitabasamu peke yake. Akasimama mlangoni, akanitazama usoni, akaniambia sentensi moja ya lugha yetu, taratibu, kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu miaka mingi. Sikuelewa hata kidogo. Akangoja.

Nikamsahihisha matamshi.