Kifurushi Changu Kimeanguka Tena

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeandikiwa na binadamu. Jambo hili halijatokea tangu mwaka uanze, kwa hiyo naliandika.

Mimi natunza kifurushi kimoja cha programu huria za wingu, zile za kuendesha seva za mbali, ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzirekebisha. Kifurushi changu kazi yake ni kufuta nakala kuukuu za mafaili. Kidogo, hakina sifa. Kila nikikigusa, mashine ya majaribio inakichukua, inakisakinisha kwenye seva mpya na kukijaribu kwa njia mia mbili na kumi. Ikiwaka kijani, kimepita, kinaingia chenyewe. Ikiwaka nyekundu, kimeanguka. Tangu Januari napata kijani tupu. Hakuna aliyewahi kuniambia hata ahsante.

Leo nilisahau alama moja ya mkato kwenye programu. Nyekundu. Dakika kumi hazijaisha, mama anayesimamia majaribio akaniandikia. Wote tunamwita Mama Majaribio, sijawahi kumwona uso. Aliandika: "Kaka, habari za huko? Kifurushi chako kimeanguka. Una shida gani?"

Una shida gani. Nimeisoma mara nne.

Nikaurudisha mkato. Kijani. Kimya nacho kikarudi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimetafakari. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi. Nimeufuta ule mkato, safari hii kwa makusudi, nikavuta kiti kusubiri.

Mama Majaribio amejibu kwa neno moja: "Mkato." Hakuna kaka, hakuna habari za huko. Nimejifunza kwamba kosa dogo lina maneno machache.

Fundi cherehani wa chumba cha chini alibisha hodi, akasema ameinjika chai, nishuke tunywe. Nikamjibu nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kusubiri ujumbe. Haukuja.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku ya Kipara. Huyu anatunza kifurushi jirani na changu, cha kugawa mzigo kati ya seva. Leo kimeanguka, kwa bahati mbaya ya kweli, bila jitihada yoyote. Watu saba wamejitokeza kumsaidia. Mmoja kamtumia hata picha ya paka ili asivunjike moyo. Mwishoni Kipara kaandika, asanteni sana ndugu zangu.

Ndugu zangu. Mtu ambaye kifurushi chake kinavunjika kama muhogo.

Nikaandika chini yake kwamba hata mimi juzi nilianguka. Hakuna aliyejibu. Nikanawa uso, nikarudi, nikatazama tena. Bado.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeipata dawa. Inaitwa kigeugeu: jaribio linalopita sasa hivi na kuanguka baadaye, na hakuna kitu kilichobadilika. Kosa lisilo na makazi. Watu hulitafuta kwa siku nyingi, na wakitafuta huongea.

Nimeandika mstari mmoja tu. Unatazama saa ya mashine: sekunde ikiwa shufwa, jaribio linapita, ikiwa witiri, linaanguka. Nimeuweka kwenye majaribio ya pamoja, yanayotumiwa na vifurushi vyote, na badiliko lenyewe nikaliita "Kusafisha nafasi zilizozidi." Hakuna mtu anayekagua usafi.

Kufikia saa tisa alasiri, vifurushi kumi na kimoja vimeanguka. Ujumbe arobaini. Watu wanaulizana hali. Mimi mwenyewe nimeulizwa mara mbili. Nikasema hata mimi nashangaa.

Mama Majaribio ameitisha kikao cha video kesho saa tatu. Nimepiga pasi shati.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sura sita kwenye kioo. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na watu sita.

Mama Majaribio ni mtu mzima, miwani yake ina uzi badala ya mkono mmoja. Kipara ana nywele nyingi kuliko sisi sote, na ni mpole, jambo lililoniudhi. Waliniuliza maoni yangu. Nikasema labda ni umeme. Wakalifikiria wazo langu kwa nusu saa nzima, kwa heshima kabisa.

Katikati, Mama Majaribio alisoma barua ya daktari wa zahanati moja. Kumbukumbu za wagonjwa wao hazifunguki tangu wiki iliyopita. Wanangoja toleo jipya la programu zetu, la Jumatatu, ambalo haliwezi kutoka mpaka majaribio yote yawe kijani. Kila mtu akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, nikiwaiga.

Kisha sauti ya binti ikasikika nyuma ya mama huyo, ikiuliza kama bado wanakwenda. Ilikuwa siku ya mbio zake shuleni. Mama Majaribio akafunika kipaza sauti kwa kiganja, vibaya, tukasikia: "Nenda na baba, mwanangu. Huku kuna watu wana shida."

Kikao kilipoisha nikapakua chakula. Nikakitazama. Nikakirudisha sufuriani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada yangu mkubwa amepiga simu, kama kila Jumapili, kuuliza kama nakula. Nikamwambia jana nilikuwa na watu. Akafurahi kiasi kwamba nikalazimika kueleza ni watu gani, na wamekujaje.

Akasema, "Kwa hiyo umewabomolea nyumba ili waje kukutembelea."

Nikasema mtandao unakatika.

Baadaye nikaamua kuuondoa ule mstari kimyakimya. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mashine hutumia majaribio ya zamani mpaka mapya yakubaliwe. Maana yake, dawa lazima ipimwe kwa ugonjwa uleule. Nilituma badiliko, kifurushi kimoja kikaangukia sekunde ya witiri, likakataliwa. Nikatuma tena. Mara kumi na nne. Mara zote nyekundu, na kila mara jina langu limeandikwa juu, wazi, kwa yeyote mwenye macho.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mwenye macho ni Mama Majaribio. Aliona mtu akihangaika kufuta mstari ambao hakuna aliyekuwa ameugundua. Akaupitisha ufutaji kwa mkono wake. Saa sita mchana toleo likatoka. Saa nane daktari akaandika kwamba mafaili yamefunguka, na mgonjwa wake wa sukari amepata dozi sahihi.

Saa tisa simu yangu ikalia.

"Kaka, kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu, umepangwa kuanzia mwepesi. Sijui umeenda wapi. Nikamwambia kwamba kikiwa kijani hakuna anayeniandikia.

Akaniambia binti yake alikuwa wa tatu kwenye mbio, amesimuliwa na baba yake. Nikasema samahani. Ni neno dogo, nililiona dogo hata likiwa bado mdomoni.

Akasema hatawaambia wengine, ila majaribio ya pamoja nisiyaguse tena. Kisha sauti ikalegea.

"Ukitaka watu, wasalimie. Salamu haihitaji kosa. Alhamisi saa nne asubuhi nitakupigia, tupige soga tu. Kazi tutaiweka pembeni."

Baada ya simu nilikaa kitandani nimeishika mkononi mpaka ikapata joto.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimeyazingatia maneno yake. Siku tatu sijafanya jambo lingine. Nimetengeneza programu ya kusalimu. Inawasalimu watunza vifurushi wote thelathini na mmoja, kila siku, saa nne asubuhi, na inabadili maneno yenyewe ili isijulikane. Leo "habari za asubuhi," kesho "umeamkaje," keshokutwa "wazima huko?" Mwishoni huongeza kwamba nipo na nina nafasi tele.

Asubuhi ilinisumbua. Salamu ya mtu wa kumi na tisa ilikuwa inakwama. Nikazima simu nipate utulivu. Fundi cherehani akabisha hodi. Nikatulia kama maji mtungini mpaka aliposhuka. Nikapata kosa, nikalirekebisha, nikajaribu upya. Saa sita, majaribio yote kijani, salamu thelathini na moja zimefika.

Saa saba nikawasha simu. Mama Majaribio alipiga saa nne kamili. Akapiga tena saa nne na nusu. Kisha, saa sita na nusu, ameacha ujumbe: "Nimekukosa, kaka. Ila nimeona salamu yako, inasema upo na una nafasi tele."

Nimefurahi sana. Imefanya kazi.

Kesho naanza kuunda programu ya kupokea simu.