Sentimita Tano za Héritière

Jumamosi, 9 Mei 2026

Nimempata. Nimempata mimi, saa nne na robo asubuhi, uwanja wa mpira wa kikapu wa shule hapa karibu na Joubert Park. Naandika na saa kabisa, Lambert asije kudai kaanza yeye.

Watu wote walikuwa upande wa wavulana, wakimshangilia Placide. Mrefu, sikatai. Mitupo thelathini na moja, iliyoingia tisa. Nilihesabu. Uwanja wa pili wasichana, watazamaji saba ukimjumlisha mbwa. Humo ndimo alimokuwa Héritière, wa metriki, mwaka wake wa mwisho. Pointi ishirini na mbili, ribaundi kumi na saba. Kila mpira uliogonga chuma uliangukia mikononi mwake.

Lambert ni mlinzi wa geti Midrand, mtu wa Lubumbashi, anayejiita skauti, msaka vipaji, kwa sababu ana filimbi. Mwaka jana nilimwona Gaël kwanza. Gaël akaenda chuo Marekani, sifa akabeba Lambert. Mimi nilishona bukta.

Jioni nikaenda kwa Thérèse, mama yake Héritière, msusi karibu na Park Station. Akaniambia, “Papa Othmani, weye unashona yunifomu. Amerika inakuhusu nini?” Nikamjibu kwamba nahesabu. Akasema binti akipata chuo cha kulipiwa kila kitu, aende akasomee hiyo famasia anayoililia. Asipopata, kiti chake cha kusukia kiko tayari, ubavuni mwa kile cha mama. Nimekiona. Bado kimefungwa nailoni.

Jumatatu, 11 Mei

Nimempima Héritière dukani kwangu, kati ya wateja wawili wa sketi. Urefu, upana wa mikono, kiganja. Jedwali safi, na zile ribaundi kumi na saba chini yake. Nimelituma kwa makocha arobaini wa vyuo vya Marekani. Thelathini na tisa kimya.

Mmoja amejibu! Kocha mwanamama wa chuo kidogo. Anakuja Midrand Jumamosi kuangalia vijana. Anasema msichana wa mita moja na sentimita themanini na sita, mwenye ribaundi kumi na saba, hajamwona mwaka mzima. Amebakiwa na nafasi moja.

Nimekata kola vibaya mara tatu kwa furaha.

Alhamisi, 14 Mei

Lambert kapita dukani. Habari kazipata, sijui kwa nani. “Fundi, siye tunaangalia moyo wa mchezaji. Weye unapima kiuno.” Kwapani ana daftari lake la geti, lile analoandikia kila gari, kila mgeni, saa na dakika, hata siku za mapumziko. Nikamwambia kikapu si geti. Akasema kila kitu ni geti, inategemea nani amesimama. Akaondoka ameridhika. Nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi, 16 Mei

Kocha aliwapanga wasichana ukutani, akawapima bila viatu. Héritière: mita moja na sentimita themanini na moja. Akatazama karatasi yangu. Akapima tena. Mikono nayo, pungufu tano. Akauliza kwa upole ni nani aliyepima.

Eish.

Nilielewa palepale. Miaka ishirini na mbili kila mwanafunzi aliyesimama mbele yangu nimemwongezea sentimita tano, maana mtoto anakua na sketi lazima ifike Novemba, mwisho wa mwaka wa shule. Mkono uliandika wenyewe.

Kocha akafunga faili. Akasema urefu ukiwa wa kubuni, ribaundi atazisadiki vipi. Héritière hakulia. Alikuwa ameshavaa viatu tena; alikaa chini, akaanza kufungua kamba. Ingekuwa nafuu alie.

Thérèse akasimama. “Madame, huyu papa alimushonea mutoto yangu sketi ya darasa la nane. Mpaka leo anaivaa. Kupima, hajui. Kuhesabu, anajua.” Héritière akatafsiri, uso chini. Sina hakika kama nilitetewa.

Ndipo akaja Lambert na daftari. Kumbe siku ile alikuwa nyuma yangu! Ukurasa wa tarehe tisa: Héritière, ribaundi, saa nne na dakika mbili. Héritière, ribaundi, saa nne na dakika tano. Hivyo hivyo hadi kumi na saba, kila moja na sahihi ya mlinzi. Kocha alisoma zote kwa kidole. Kisha akamwambia msichana afunge viatu.

Akachezeshwa dakika kumi na mbili. Ribaundi tisa. Nafasi ni yake: ada, kitanda, chakula, alimradi afaulu mtihani wa mwisho. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Thérèse akamkumbatia Lambert. Mimi akanitazama tu, kuanzia kichwani hadi viatuni, kama anayenipima.

Jumanne, 19 Mei

Nimetafakari, kosa nimelijua. Sikuwa na daftari. Namba tupu makocha hawaziamini, wanataka dakika na sahihi.

Nimenunua kubwa kuliko la Lambert, jalada gumu. Na mchezaji mpya ninaye: Murielle, darasa la kumi na moja, hakuna skauti anayemjua. Leo nimemjazia ukurasa mzima. Ribaundi kumi na tisa, kila moja na dakika yake, kila moja na sahihi yangu. Kazi safi kabisa, haina doa.

Mechi yenyewe ni Ijumaa.