Ndege ya Makindye Isirudishwe Angani

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Natumaini u mzima, na lile goti limeanza kukutii. Mimi ni Saverio Ocira, sajini mstaafu wa polisi, mkazi wa ile ndege kuukuu nyuma ya soko. Nakuandikia kwa unyenyekevu na kwa hasira, vyote pamoja.

Unajua kwamba tangu vita vya kaskazini vimkimbize mama mkwe wangu, Mama Aloyo, anaishi kwangu. Nyumba ni chumba na sebule. Kwa mila yetu Waacholi, mkwe halali chini ya paa moja na mama wa mkewe. Hata kukohoa karibu naye ni utovu wa adabu. Kwa hiyo mimi nalala ndegeni. Sasa Bi. Vera Nakhisa amekuja kutoka Kenya na fundi wake Oyugi. Anasema ndege ni urithi wake na ataitengeneza iruke tena. Nikitolewa humo sina pa kulala kwa heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwenye ndege hajulikani. Kwanza ilikuwa ya shirika lililokufa huku bado likitangaza safari. Baada ya vita vya '86 walilala humo askari, kisha mbuzi wa askari. Ndipo marehemu Mzee Wanyama, baba yake Vera, akainunua mnadani na kuikokota kwa trela kutoka Entebbe ili iwe baa. Baa ilikufa kwa sababu walevi walijifunga mikanda, na saa ya kufunga ikifika hawafunguki. Wakaja walokole. Mchungaji akahubiri habari za kupaa mbinguni, waumini wakamwomba awashe injini. Alipohama, nikaingia mimi, na sijasikia mtu akilalamika.

2. Oyugi amepaka rangi chumba changu cha kulala bila kupiga hodi.

3. Amerudisha viti vyote. Mwenyekiti, mimi ni mtu mrefu. Tangu lini mtu mzima akalala wima kama anayemngoja daktari?

4. Juzi aliwasha injini moja, na unga wa Helen, muuza chapati wa sokoni, ukahamia kwa jirani. Sasa fikiria zote mbili. Ndege ikitaka kuruka itahitaji njia, na njia iliyonyooka ni moja tu: inapita sokoni, inapita kanisani, inapita sebuleni kwako. Askari wa kambi iliyo jirani nao wakisikia mngurumo watadhani serikali imepinduliwa. Kwa hiyo, kuniacha nilale ni kulinda amani ya nchi.

Naomba uitangaze ndege kuwa nyumba, magurudumu yang'olewe, nami nipewe barua ya ukazi.

Nisalimie mama watoto, kamati nzima, na hata katibu wako asiyeitikia salamu.

Ni mimi raia wako mwenye shingo iliyokakamaa,
Saverio Ocira

Tanbihi: Mke wangu Alanyo ameniletea sasa hivi ujumbe wa mama yake. Mama Aloyo ameapa kutoikanyaga tena barabara ya Gulu, maana ndiko basi lao lilikochomwa. Lakini ameisikia injini, na ameshafunga mzigo. Anataka kupanda ndege akalilie kaburi la mumewe huko Gulu, ambalo hajaliona tangu akimbie. Kumbe chai anayokunywa Oyugi kila asubuhi hupikwa na mama mwenyewe. Moyo umeniuma, Mwenyekiti. Tafadhali ichane barua hii. Mwambie Bi. Vera kuanzia kesho nitamshikia fundi spana. Ndege iruke. Mimi nitabaki chini nikimpungia mama mkono, jambo ambalo kwa umbali ule mila haikatazi.