Naomba Daraja Lisifunguliwe

Posadas, ukingoni mwa mto

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kamati ya Daraja,

Pokea salamu zangu za heshima pamoja na pole ya kazi. Nimesikia redioni kwamba wiki ijayo mtalifungua daraja la kwenda Encarnación, ng'ambo Paraguai, lililofungwa tangu korona ilipoingia. Majirani wamepiga makofi kwenye roshani zao. Mimi sikupiga. Nimekaa mezani kukuandikia, kwa unyenyekevu wote, kwamba napinga.

Mimi ni Mparaguai, msahihishaji wa magazeti mstaafu. Nilivuka mto huu nikiwa kijana, wakati jenerali wetu akitutawala kwa mabavu, nikabaki huku Argentina. Jenerali alipoondoka nilianza kufunga mizigo. Nikiwa bado nafunga, bwawa la umeme likajaa, mtaa wetu wa chini kule Encarnación ukazama, na nyumba ya mama yangu ikazama nao. Kwa hiyo sina haraka ya kuvuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyuma ya ukuta wa roshani yangu anaishi Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda, mjane wa Encarnación, mchuuzi wa mitishamba. Alivuka kuja kuuza, akalala kwa binamu yake, jirani yangu, asubuhi akakuta daraja limefungwa. Yeye ana mitishamba na kinu. Mimi nina friji. Bila barafu yangu, terere yake, kinywaji chetu baridi cha majani ya mate, ni maji ya uvuguvugu. Bila mitishamba yake, yangu ni majani yaliyolowa. Kila mchana huniita kwa "Karai", yaani bwana kwa lugha yetu: "Wee Karai Eladio! Barafu ndiyo imelala au ni wewe?" Natundika kindoo cha barafu kwenye ncha ya fagio, nampitishia kwa nje ya ukuta, naye hukirudisha kikiwa na mnanaa na mchaichai uliopondwa. Mlinzi wa jengo hupiga kelele kutoka chini: "Nyie wazee! Mkidondoka mimi sizoi mtu!" Ña Deolinda humjibu: "Tukidondoka tunakudondokea wewe, sogea!" Mheshimiwa, biashara hii kati ya nchi mbili inakwenda vizuri kuliko forodha yoyote niliyowahi kupangia foleni.

2. Jumapili Ña Deolinda huoka chipa, mkate wetu wa wanga wa muhogo na jibini. Harufu yake haivai barakoa, inanifikia kitandani. Mkifungua daraja itahamia ng'ambo. Sijaona katika tangazo lenu jinsi mtakavyonifidia.

3. Mlikataza watu kunywea mrija mmoja. Nilikasirika, kwa sababu terere ni pembe moja ya ng'ombe na mrija mmoja, inazunguka toka mkono hadi mkono, na anayeirudisha kwa kusema "asante" maana yake ametosheka, asimiminiwe tena. Sasa nakiri marufuku ile ilikuwa ya busara. Kila mmoja wetu ana pembe yake, ukuta uko katikati, hakuna anayemrudishia mwenzake, basi hakuna wa kusema asante. Ña Deolinda hajaniambia neno hilo hata mara moja. Nakuomba usimpe nafasi ya kulisema.

4. Hili ndilo zito. Kwa miaka mingi nilikaa ukingoni nikiutazama mji wangu peke yangu, huku watu wakinipita na mabegi ya vitunguu, wakienda na kurudi kana kwamba mto wote huu ni mfereji. Mlipofunga, wote waliokwama walikuja kusimama karibu nami, wakitazama ng'ambo na kufuta macho. Mama mmoja aliniuliza: "Baba, wewe umewezaje?" Nikamfundisha: kaa kwenye kivuli, usitafute dirisha lako. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na wenzangu. Leo mnataka kuwarudisha wote makwao kwa mkupuo na kuniachia kazi hii peke yangu. Huo ndio uungwana?

5. Ikiwa ni lazima mfungue, basi yapite matikiti, wapite ng'ombe, wapite hata wanasiasa. Wajane wauza mitishamba wabaki, kwa ajili ya afya ya umma. Hilo likishindikana, lihamisheni daraja lenyewe lijengwe kati ya roshani yangu na yake. Halitamaliza hata mfuko mmoja wa saruji.

Wasalimie makarani, madereva na askari wanaosimama juani. Wasalimie na wa ng'ambo, kwa kuwa utawaona kabla yangu.

Ni mimi, mtiifu wako katika kukaa ndani,

Eladio Recalde Brítez

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Ña Deolinda barua hii kupitia ukutani, anisikilizie kama ina makosa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Umemaliza, Karai? Haya, panga nguo. Kwangu Encarnación kuna roshani inayotazama mto. Kama ni lazima ukae unatazama ng'ambo, utatazama ukiwa kule." Nikamkumbusha kwamba nyumba yetu iko chini ya maji. Akasema: "Kwani nimekwambia ukalale kwa mama yako?"

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa namba ya kwanza hadi ya tano. Fungueni asubuhi na mapema, na mwenye mhuri asichelewe. Tunavuka na pembe moja na mrija mmoja. Barafu haitadumu hadi adhuhuri, na mimi sina nia ya kusema asante.