Kitu Namba Arobaini na Tatu

Wananchi wa Roccavetra mnatangaziwa na Meya: kuanzia leo, kila pango la Waetruski, watu wa kale wa Italia, lililo chini ya nyumba ya mtu ni kaburi la heshima, na litafungwa. Kanuni ya Nne: chochote kitakachokutwa ndani ni mali ya kale, hakitoki mpaka mtaalamu aje kutoka Roma.

Mtaalamu wa mwisho tulimwomba nikiwa darasa la tatu. Shule nimeshaacha, yeye bado yuko njiani.

Mimi Duilio ndiye Ofisa wa Mihuri. Nina muhuri, nta nyekundu na kofia.

Nilianza na Bibi Argia. Huku mlimani, mapangoni ndimo tunamoweka mvinyo tangu enzi za mababu. La kwake lina mapipa arobaini na jibini mbili. Zabibu zake zinavunwa Jumatatu; bila pango, mvinyo wa mwaka mzima unageuka siki.

"We Duilio! Nimekuogesha mimi, leo unanifungia mlango?"

"Bibi, sheria ni sheria."

"Sheria ya kichwa chako! Maiti walishahama, hata mfupa hawakuacha. Anayelala humo ni mvinyo tu."

Meya Cencioni akafika, utepe wa umeya wa rangi tatu begani. Akasema kabla ya kufunga, mvinyo lazima ufanyiwe tathmini. Akabeba bilauri, akaingia. Pipa la kwanza alilitathmini dakika kumi. La pili, akaanza kuimba.

Bibi Argia akausukuma mlango. Ba!

"Piga muhuri, mjukuu wangu."

"Mheshimiwa yumo ndani!"

"Kanuni ya Nne inasemaje?"

Nikaisoma mara mbili. Meya hakutajwa. Nikayeyusha nta, nikagonga muhuri, nikaandika: mapipa arobaini, jibini mbili, meya mmoja.

"Duilio! Fungua, mpumbavu wewe!"

"Tulia, Mheshimiwa. Wewe ni kitu namba arobaini na tatu. Tunamsubiri mtaalamu."

Sauti ya meya ikashuka.

"Yule wa Roma?"

"Huyohuyo."

Bibi akapenyeza karatasi na kalamu chini ya mlango. Karatasi ikarudi na doa la mvinyo: kanuni zote zimefutwa, sahihi ya meya. Bibi akaisoma taratibu, akairudisha.

"Hujaandika nani atabeba zabibu Jumatatu."

Jumatatu meya alibeba makapu kumi na saba, utepe begani. Na kila akifika pangoni, mguu mmoja aliuacha nje.