Saluni Tumboni mwa Ndege

Mzee Redio aliposoma habari ile gazetini, Kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa cha Pancha. Serikali inakusanya ndege kuukuu zote zilizotelekezwa, zikawekwe makumbushoni. Na saluni ya Kinyozi, mjue, ni ndege. Ni moja ya zile za zamani zenye tumbo la mashua, zilizokuwa zikitua majini. Hii ilikatika mabawa, ikakokotwa ufukweni, na marehemu baba yake Kinyozi akaingiza humo kiti na kioo.

Kinyozi anaipenda kuliko anavyopenda shemeji zake wote. Hakuna aliyenyolewa pale bila kusimuliwa jinsi abiria walivyolala kwenye mashuka meupe na kula kwa uma na kisu, huku chini samaki wakiwashangaa.

"Kwa raha zote hizo, mbona zilikufa?" aliuliza Pancha, mziba matairi anayedharau kila kitu isipokuwa tairi.

Redio, mwalimu mstaafu asiyezimika akianza kusema, akaeleza kwamba viwanja vya lami vilijengwa kila mahali, zikaja ndege zenye mbio, na hizi za majini zikabaki kuliwa na kutu na matengenezo yasiyokwisha.

"Kwa hiyo kilichoshinda ni tairi," alisema Pancha.

Kinyozi hakucheka. Wanawe wanakula na kusoma kwa kiti kile, na hana pengine pa kukiweka. Wakashauriana, wakapatana kwamba Afisa wa makumbusho akija, pale si ndege, ni banda tu.

Afisa alikuja wiki hiyohiyo, mkoba kwapani. Kinyozi akaikana ndege yake mchana kweupe, na roho ilimuuma kama anamkana mama yake mzazi. Pancha akaapa kwamba bati zile alizibeba yeye mwenyewe, kwa kichwa. Redio naye, mtu mzima na mvi zake, akasema madirisha yale ya mviringo ni masufuria yaliyotobolewa matako.

Afisa aliandika yote kwa utulivu. "Nawashukuru, wazee wangu. Kama ni banda, basi limejengwa ufukweni bila kibali. Litabomolewa."

Wameruka majivu, wamekanyaga moto. Redio akazimika kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

"Mkuu, tusamehe, tumekudanganya," alisema Kinyozi. "Hebu toka nje, uchungulie chini."

Afisa akatoka, akainama. Chini ya tumbo ulipita mkuku, ule uti wa kupasulia mawimbi.

"Kitu chenye mkuku kinaitwaje, mkuu?"

"Chombo cha majini," alijibu Afisa, shingo upande.

"Na vyombo vya majini viko chini ya ofisi yenu?"

Haviko. Viko chini ya bandari, na hajazaliwa afisa wa kufanya kazi ya ofisi nyingine kwa mshahara uleule. Akafunga mkoba, akasema atawaarifu wenzake wa bandari, akaenda zake.

Pancha alisubiri mpaka mgongo wa Afisa upotee. "Na hao wa bandari wakija?"

Kinyozi alikuwa anacheka, na machozi yanamlengalenga.

"Hao tutawakalisha kwenye kiti cha rubani, watuambie ni meli gani huruka."